Sauti Zilizopitia Ogwedhi

Phelesia Obare aliajiriwa kwa ajili ya sauti yake, na hata yeye hakulificha jambo hilo. Miaka ya tisini ilipoanza alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kosele, na wenzake walikuwa wakisema hakuna haja ya kumtafuta Phelesia kwa macho. Simama tu penye lango, utamsikia. Si kwamba alikuwa mtu wa makelele. Sauti yake ilikuwa imenyooka, kila neno likisimama peke yake, na alijua Kidholuo cha kwao, Kiswahili alichookota kwa wanunuzi, na Kigusii cha kutosha kutaniana na akina mama waliotoka Kisii.

Mumewe alipopata kazi ya kuendesha trekta katika mashamba ya miwa ya Awendo, familia ilihamia Migori. Wakati huo kanisa lao lilikuwa limefungua vituo vidogo vya afya huku na huko, mahali ambapo simu ya posta ilikuwa haijafika au ilifika na kufa. Kila kituo kilipewa redio ya upepo, ile ambayo wengi waliiita redio koli, pamoja na betri ya gari na kibao cha sola juu ya paa. Kituo cha katikati kilikuwa kwenye kilima nje ya mji wa Migori, na hapo palihitajika mtu wa kukaa na redio kutwa nzima. Mchungaji aliyekuwa akimsikia Phelesia akiongoza nyimbo siku za Sabato ndiye aliyemwita. Akapewa kipaza sauti ajaribu.

"Hapa ni Kilima," alisema. "Nani ananipata?"

Vituo vyote vikajibu kwa mkupuo. Huko kujibu kwa mkupuo ndiko kulikompa kazi, na ndiko baadaye kulikomtia taabuni.

Kwa muda mfupi akawajua wote kwa sauti. Muhuru Bay, kule ufuoni karibu na mpaka wa Tanzania, alikuwako Edinah, muuguzi Mkisii aliyezungumza haraka kana kwamba maneno yatamalizika. Karungu, juu kidogo ufuoni, alikuwako Wangwe, mzee wa pole aliyekohoa kabla ya kila jambo. Ogwedhi, upande wa kuelekea Narok, alikuwako Nyamhanga, Mkuria mwenye sauti nzito, na siku za mnada ng'ombe walisikika nyuma yake wakilia. Kosele kwenyewe aliwekwa Mellen, msichana aliyekuwa mwangalifu mno hata akarudia "ova", neno la kumaliza usemi hewani, mara mbili. Mwisho wa safari ya maneno yote ilikuwa hospitali ya Homa Bay, iliyokuwa na chumba cha upasuaji, akiba ya damu, na Land Rover ambayo haikuogopa tope. Wote walizungumza Kiswahili hewani, maana hakuna lugha nyingine waliyomiliki pamoja, na kila mmoja alikuja na chake.

Redio zile hazikufika mbali. Edinah hakuweza kuisikia Homa Bay hata angepanda juu ya paa, kwa sababu vilima vilikaa katikati. Basi ujumbe ulipokezanwa. Edinah alimwambia Phelesia, Phelesia akaurudia kwa hospitali neno kwa neno, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Mtoto anatapika tangu jana. Mzee ameangukiwa na mti. Chanjo zimepata joto. Phelesia aliyabeba maneno ya watu ambao hangewaona kamwe, akayafikisha, na jioni akawaombea bila kujua majina yao. Alikuwa na hakika kwamba Mungu alimtoa kwenye omena kwa sababu hiyo.

Taabu ilikuja polepole, kadiri vituo vilivyozoea kuzungumza. Wote walikuwa kwenye chaneli moja. Edinah alipokuwa akisoma dawa alizoishiwa, kila mwingine alitakiwa kunyamaza. Lakini Nyamhanga, kutoka Ogwedhi, hakumsikia Edinah hata kidogo. Kwake hewa ilikuwa shwari, akabonyeza na kuzungumza. Phelesia peke yake, aliyekaa juu kilimani kati yao, aliwasikia wote wawili, yaani hakumsikia yeyote. Sauti zao ziligongana zikawa mlio kama wa kinu cha posho kilichoishiwa mahindi.

Mara nyingi ilikuwa kero tu. Kisha ukaja mwaka wa tisini na sita, na asubuhi moja mchungaji wa ng'ombe akaumwa na nyoka karibu na Ogwedhi. Nyamhanga aliita akiomba dawa ya sumu iletwe. Saa hiyo hiyo Muhuru Bay na Karungu walikuwa wakipatana kuhusu boti ya kubeba magodoro. Phelesia alisikia kinu. Aliomba warudie, nao wakarudia wote kwa pamoja. Ilipofika mchana ndipo maneno ya Nyamhanga yalipomfikia, na dawa ilipofika jioni yule mchungaji alikuwa hai, lakini mguu wake haukuokolewa.

"Sikulaumu, Mama Terry," Nyamhanga alimwambia siku iliyofuata, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza. "Lakini hii njia yetu ni nyembamba."

Phelesia alimwita Zablon, fundi wa redio kutoka Homa Bay, mtu mrefu aliyetembea na mkoba wa nyaya begani. Walikaa barazani kwa kikombe cha chai, naye Phelesia akamweleza nani anamsikia nani, nani hamsikii nani, na nani anamsikia mtu fulani asubuhi tu. Zablon hakujua hayo. Yeye alizijua redio. Phelesia hakujua kwamba kibali cha serikali kiliwaruhusu chaneli tatu na wao walikuwa wakisongamana kwenye moja. Mmoja alikuwa na nusu ya jambo na mwingine nusu yake.

"Tuwatenganishe," Zablon alisema. "Wa ziwani, Muhuru Bay na Karungu, wazungumze kwenye chaneli ya pili. Wa juu, Ogwedhi, Kosele na hospitali, wakae kwenye ya tatu. Wewe hapa nitakuletea redio ya pili. Moja inasikiliza ziwani, moja inasikiliza juu. Unapokea mkono huu, unatoa mkono ule."

Juma la kwanza lilikuwa la raha. Juma la pili wakagundua walichokosea. Edinah alitaka kumuuliza Mellen habari za mgonjwa aliyehamia Kosele, na hakumpata. Mellen alimtafuta Wangwe, hakumpata. Kelele zilikuwa zimekwisha, lakini watu nao walikuwa wamepotea, kila kundi ndani ya chumba chake na mlango umefungwa. Kila neno dogo la kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili lilimngojea Phelesia, naye akawa halambi hata uji kwa utulivu.

Zablon alirudi, wakakubaliana upya. Chaneli ya kwanza ikaachwa kuwa uwanja wa wote. Mtu akitaka kuita, anaitia hapo. Wakishapatana, wanahamia chaneli yao kuzungumza. Na kila saa inapoanza, wote wanarudi uwanjani kusikiliza kidogo. Mlingoti wa redio ya pili ukahamishiwa upande wa pili wa boma, kwa sababu miwili ikisimama jirani ilikuwa ikisumbuana. Baada ya hapo mambo yalienda sawa, na kwa mara ya kwanza Phelesia aliweza kusikia sentensi ya Nyamhanga kuanzia mwanzo hadi mwisho, ng'ombe wakiwemo.

Ni Nyamhanga huyo huyo aliyeuliza swali lililomchoma.

"Na Kilima akinyamaza, sisi tunaenda wapi?"

Ilikuwa uwanjani, wote wakisikiliza. Phelesia alihisi uso ukipata moto. Alikuwa hajawahi kunyamaza. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile akiwa na malaria, amekaa siku mama yake alipozikwa, alasiri ile ile. Akajibu kwa adabu kwamba Kilima kipo. Lakini Zablon alilichukua swali lile kwa uzito. Alizunguka vituoni na mkoba wake. Huko Karungu alipandisha antena juu ya mnara wa tangi la maji, na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea. Kutoka kule ufuoni, kwenye chaneli ya kwanza, Wangwe akaisikia Ogwedhi. Ilikuwa sauti ndogo, ya mbali, lakini maneno yalishikika.

"Basi ipo njia nyingine," Zablon alimwambia Phelesia. "Ni ndefu, inazunguka. Muhuru Bay mpaka Karungu, Karungu mpaka Ogwedhi, Ogwedhi mpaka Kosele, Kosele mpaka hospitali. Ila watu hawataijua wasipoipita. Nataka Jumapili moja kila mwezi uzime redio zako saa nzima, wao wajifunze kupita bila wewe."

Phelesia alikubali, ila hakupenda. Jumapili hizo alikaa barazani akikunja na kukunjua leso, akijua kwamba huko nje watu wanazungumza na yeye hayumo. Mumewe akimuuliza anaumwa na nini, alisema hakuna.

Mvua za mwaka wa tisini na saba hazikuwa mvua za kawaida. Zilianza Oktoba zikasahau kuacha. Barabara ya kutoka Muhuru Bay kuja Migori ilikatika, madaraja yakazolewa, na malori ya samaki yakakaa ufuoni mizigo ikiozea ndani. Terry, binti wa kwanza wa Phelesia, alikuwa ameolewa kule Muhuru Bay na mtengenezaji wa boti, na alikuwa mjamzito, miezi ikikaribia kutimia. Phelesia alikuwa amepanga kumleta Migori ajifungulie mjini. Barabara ilipokatika, mpango nao ukakatika. Kila asubuhi alimuuliza Edinah, na Edinah alimjibu, "Yuko sawa, Mama Terry, anakula, miguu haijavimba."

Kisha alasiri moja ya Novemba radi ilipiga kilima. Phelesia alikuwa jikoni, na hilo lilimwokoa. Mlingoti mmoja uliangukia choo, wa pili ukapinda kama waya, na redio zote mbili zikatoa moshi. Alimtuma jirani aende posta kumpigia Zablon simu. Zablon akasema atakuja, barabara ikimruhusu. Asubuhi iliyofuata Phelesia alikaa mbele ya meza yenye vyuma vilivyoungua. Alijaribu kuomba, akajikuta anasikiliza badala ya kuomba.

Hakujua kwamba saa zile zile Terry alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha Edinah akivuja damu kabla ya mtoto kutoka.

Edinah aliita Kilima mara tatu, kama walivyofundishwa. Kimya. Hakungoja zaidi. Wangwe alimsikia kutoka Karungu, akakohoa, akasema, "Muhuru Bay, Kilima haipo. Nipe mimi." Edinah akampa, safari hii polepole: mama anatokwa na damu, mtoto amekaa vibaya, barabara imekatika, anahitaji upasuaji na damu ya kundi O. Walihitaji gari, na gari lilikuwa Homa Bay. Wangwe alihamia chaneli ya kwanza na kuita yeyote anayesikia.

Nyamhanga alisikia. Mvua ilikuwa ikipiga bati la Ogwedhi hata ikambidi ajifunike blanketi kichwani pamoja na redio. Alimrudishia Wangwe kila neno kuhakikisha, kisha akamwita Mellen kwenye chaneli ya tatu. Mellen akayachukua, akaipata hospitali, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusema "ova" mara mbili. Jibu lilirudi kwa njia ile ile ndefu, kutoka Kosele mpaka Ogwedhi, mpaka Karungu, mpaka Muhuru Bay: mtieni mama ndani ya boti, mmlete Karungu kwa maji, Land Rover inashuka Karungu kwa barabara ya Rodi, na damu imo ndani.

Mume wa Terry alichukua boti aliyokuwa hajaimaliza kupaka rangi. Edinah aliingia pamoja na Terry, akiishika dripu juu kwa mkono wake mwenyewe. Ziwa lilikuwa limechafuka, lakini walikwenda wakiambaa na ukingo. Walipofika Karungu, Wangwe alikuwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, na wanaume aliowakusanya, akisubiri kuwapokea. Gari lilifika kabla hawajamaliza kumfunika Terry. Alifanyiwa upasuaji Homa Bay siku hiyo hiyo.

Zablon alifika Migori kesho yake akiwa na tope mpaka mapajani, amebeba redio ya kuazima ndani ya gunia la plastiki. Alifunga antena kwenye mti wa mkaratusi, akaunga betri, akampa Phelesia kipaza sauti.

"Hapa ni Kilima," alisema Phelesia. "Samahani kwa kupotea. Nani ananipata?"

Ikaja sauti ya haraka aliyoijua; Edinah alikuwa amerudi na boti ile ile.

"Kilima, hapa Muhuru Bay. Mama Terry, kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Terry yuko Homa Bay. Ni mzima. Mtoto ni msichana, naye ni mzima. Wewe ni dani sasa. Umepata?"

Dani ni nyanya, na Edinah Mkisii alilitamka neno lile la Kidholuo kombokombo. Phelesia hakuweza kubonyeza kitufe. Zablon alikibonyeza badala yake na kusema, "Kilima imepata. Mpeni nafasi." Lakini wengine hawakuweza kungoja. Mmoja baada ya mwingine, kwa zamu na bila kugongana, wakamsimulia kila mmoja kipande chake. Wangwe alisimulia boti. Mellen alisimulia jinsi hospitali ilivyomwambia arudie kundi la damu, naye akarudia. Nyamhanga alisema tu kwamba kulikuwa na mvua.

Phelesia alilia mbele ya fundi bila haya. Baadaye alimwambia mumewe kwamba kilio kile kilikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni furaha. La pili ni kwamba kwa miaka yote alikuwa amejiona yeye ndiye daraja, na siku damu yake mwenyewe ilipohitaji kuvuka, daraja halikuwepo, na watu walivuka. Aliona aibu kidogo, kisha aibu ikaondoka, ikabaki shukrani. Kama ingekuwa ni lazima kila neno limpitie, binti yake angekuwa kaburini.

Alikwenda Homa Bay mara tu gari la kwanza lilipopita. Terry alikuwa mweupe midomoni, mkono umejaa plasta, na mtoto amelala kifuani. Wakamwita Akoth, kwa sababu ya mvua, na kanisani Edinah.

"Mama, mimi sikuogopa sana," Terry alimwambia. "Edinah alikuwa anasema wote wanajua. Aliwataja kwa majina, huyu anajua, yule anajua. Nikasema watu wengi hivyo hawawezi kukosa wote."

Mvua zilipokatika mwaka uliofuata, Phelesia aliomba likizo, jambo alilokuwa hajawahi kuomba. Alifunga vikapu vya karanga na ndizi, akaenda kuwaona watu ambao alikuwa akizungumza nao kila siku bila kuwajua sura. Edinah alikuwa mfupi kuliko mtoto wa shule, na hakutaka shukrani. Alitaka tu kujua kama mtoto ananyonya vizuri. Wangwe alikuwa bado anakohoa. Alimwonyesha mahali aliposimama majini, akainama na kugusa maji kana kwamba ni kitu chake. "Erokamano," Phelesia alimwambia, asante, na mzee akatikisa kichwa. Kosele alimkuta Mellen nyuma ya meza iliyopangwa kama altare, wakashikana mikono muda mrefu, na akina mama wa omena wakaja kumcheka Phelesia kwamba amenenepa.

Ogwedhi aliiacha mwisho kwa kuwa ilikuwa mbali na kwa kuwa alikuwa na haya. Ilikuwa siku ya mnada. Alipita kati ya ng'ombe na Wamasai na Wakuria na Waluo waliokuwa wakipapasa mbavu za wanyama, akauliza kituo cha afya. Akilini mwake Nyamhanga alikuwa pande la mtu. Aliyetoka mlangoni alikuwa kijana mwembamba, koti jeupe likimpwaya mabegani.

"Mama Terry," alisema, na ile sauti nzito ikatoka katika kifua kile chembamba. Phelesia akacheka kabla hajaweza kujizuia.

Alimkaribisha kwa maziwa. Phelesia alikuwa ameandaa hotuba njiani, lakini alipoketi haikuja.

"Ulipouliza kwamba Kilima akinyamaza," alisema mwishowe, "nilikasirika."

"Nilijua. Ulisema 'Kilima kipo' kwa Kiswahili kizuri sana."

"Nimekuja kushukuru kwa swali lile. Hayo mengine ya mvua na blanketi nashukuru pia. Lakini zaidi swali."

Nyamhanga alikitazama kikombe chake. Alisema yule mchungaji aliyepoteza mguu ni mjomba wake, na kwamba tangu siku ile yeye hulala akifikiria njia ambazo neno linaweza kupita. Phelesia hakuwa akilijua hilo. Alihamisha kiti chake karibu zaidi, wakakaa hivyo, ng'ombe wakilia nje.

Redio iliyokuwa mezani ikakwaruza. Ilikuwa Kosele ikiita Ogwedhi kuhusu sindano za chanjo. Nyamhanga alichukua kipaza sauti, akamtazama mgeni wake, akampa. Phelesia akakipokea kwa mikono miwili.

"Kosele, hapa Ogwedhi. Nakupata vizuri. Endelea."

Ikaja sauti ya Mellen, yenye mashaka.

"Ogwedhi, rudia. Huyo ni nani?"